Tovuti ya ushirika wetu wa zabibu ina alama ya mamlaka 9 kwa 100: je, tulipie ipandishwe?

Katibu_Zabibu (Hombolo, Dodoma)

Habari za jioni, wadau. Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa wakulima wa zabibu, na kwa kuwa wenzangu wengi hawajazoea kompyuta, kazi ya kutunza tovuti yetu imeniangukia mimi. Tovuti ina kurasa kumi na nne tu: bei za miche, maelezo ya kupogoa, magonjwa ya mzabibu, tarehe za mavuno yetu mawili ya mwaka, na namna ya kutufikia. Tunaitegemea kupata wanunuzi wa zabibu za mezani na wakulima wanaotafuta miche.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja anayefanya kazi za matangazo ya mtandaoni alifika ofisini, akafungua kompyuta yake mpakato, akaingiza anwani yetu na kutuonyesha namba 9 ndani ya duara. Alisema hiyo ndiyo mamlaka ya tovuti yetu kwa 100, kwamba Google huitazama namba hiyo kabla ya kuamua nani akae juu, na kwamba kwa shilingi 450,000 ataifikisha 40 ndani ya siku thelathini. Mzee mwenyekiti alishtuka sana, maana kwa hesabu za darasani 9 kwa 100 ni kufeli, na sasa kila tukikutana ananiuliza tumefika ngapi. Nilipojaribu programu nyingine ya bure nyumbani, tovuti ile ile ikapewa 3, nami nikazidi kuchanganyikiwa.

Fedha hizo tulizitenga kwa ajili ya salfa ya msimu ujao. Naomba anayeelewa anieleze namba hii inatoka wapi, inapima nini hasa, na kama kuna sababu ya kuilipia.

FundiTovuti_Makulu

Ndugu Katibu, nianze na jambo litakalokuokolea fedha: namba uliyoonyeshwa haitoki Google, na Google haiitumii kupanga matokeo yake. Watumishi wa Google wamelisema hilo hadharani mara nyingi. Ni alama inayokokotolewa na kampuni binafsi zinazouza programu za kuchunguza tovuti, na kila kampuni ina ya kwake. Moz, kampuni ya Marekani iliyoanzia Seattle, ina Domain Authority, na ndiyo iliyolizoesha jina hili la mamlaka. Ahrefs wana Domain Rating, Semrush wana Authority Score, na Majestic wanatoa namba mbili, Trust Flow na Citation Flow. Kampuni hizi hutuma programu zinazotembea kwenye mtandao kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikiandika nani ameweka linki, yaani kiungo cha kubofya, kwenda kwa nani, kisha zinakokotoa. Kwa kuwa kila mmoja ana daftari lake la linki na kanuni yake ya hesabu, hakuna ajabu kuona 9 huku na 3 kule. Gunia moja la mahindi pale Kibaigwa ukilipima kwa kilo na ukalipima kwa debe utapata namba mbili tofauti, na gunia ni lile lile.

Inafaa ujue wazo hili lilikotoka, kwa sababu ukilijua hutababaishwa tena na duara la mtu yeyote. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha maelezo ya injini yao ya utafutaji, na ndani yake wakaeleza njia ya kupima uzito wa ukurasa waliyoiita PageRank. Kila linki ilihesabiwa kama kura, ila kura hazikuwa sawa: ukurasa wenye uzito ukikutaja, kura yake inakuwa nzito, na kama ukurasa huo umetaja wengine hamsini, uzito wake unagawanywa kwa wote hamsini. Kuanzia mwaka 2000 Google waliionyesha alama hiyo kwa umma, kutoka 0 hadi 10, kwenye upau wa zana uliowekwa katika kivinjari. Matokeo yake ni kwamba watu walianza kuuziana linki kwa bei iliyopangwa kwa kuangalia alama, tovuti yenye 7 ikiuza kwa bei kubwa kuliko yenye 4, na mwaka 2016 Google wakaiondoa kabisa machoni pa umma. Hesabu za linki bado zimo ndani ya mitambo yao, lakini hakuna mtu wa nje anayeziona. Alama za kampuni binafsi zimekaa kwenye pengo hilo, na biashara ya kuuza linki imezifuata huko huko.

Sasa kuhusu hiyo 9. Mweleze mzee mwenyekiti kwamba huu si mtihani wa darasani. Ngazi za alama hizi hazilingani urefu, kwa sababu zimepangwa kwa logi (logarithm), yaani kila hatua ya juu ni ngumu zaidi kuliko ya chini yake: kutoka 9 hadi 15 tovuti inaweza kufika kwa linki chache nzuri, lakini kutoka 69 hadi 75 ni kazi ya miaka kwa tovuti kubwa. Juu kabisa wako akina Wikipedia na YouTube. Ushirika wa Hombolo haushindani na hao. Tena alama ni ya kulinganisha, na Moz wenyewe wanasema hivyo. Inaweza kushuka hata kama hujapoteza linki hata moja, kwa sababu tu wakubwa wameongeza za kwao au kampuni imebadilisha kanuni, kama Moz walivyofanya Machi 2019. Kwa hiyo swali lenye maana ni hili: watu wakitafuta miche ya zabibu Dodoma, ni tovuti zipi zinatokea pamoja na yenu, na hizo zina ngapi? Kama zina 5, 8 na 14, ninyi mpo katikati ya wenzenu na hakuna aliyefeli.

Ningependa kuona takwimu zenu za Google Search Console kabla ya kusema zaidi. Ni huduma ya bure, na ndiyo sehemu pekee ambayo Google yenyewe inakuambia watu walitafuta maneno gani wakakuona na wangapi walibofya.

AlizetiSingida

Pole na hongera kwa kuuliza mapema, kaka Katibu, kwa sababu mimi niliuliza nikiwa nimeshalipa. Ninasindika mafuta ya alizeti, na miaka mitatu iliyopita nilikubaliana na mtu wa namna hiyo hiyo, si huyo wako, anipandishe kutoka 6 hadi 30. Alipandisha kweli, baada ya majuma matano namba ilisomeka 31, na nilifurahi kiasi cha kuichapisha picha yake kwenye kundi letu la WhatsApp la wasindikaji. Simu za wateja hazikuongezeka. Nilingoja mwezi mmoja, nikangoja wa pili, ndipo mpwa wangu akanifungulia orodha ya linki zilizonunuliwa. Zilikuwa mia kadhaa, nyingi zikitoka tovuti za kamari na za vidonge vya kupunguza unene, kwa lugha nisizozijua, na jina la kiwanda changu limebandikwa katikati ya aya isiyohusu mafuta wala chakula. Mkataba ulikuwa wa kulipia kila baada ya miezi sita. Nilipoacha kulipa, linki ziliondolewa moja baada ya nyingine na alama ikarudi 8.

Kilichoniuma zaidi ya fedha ni muda. Katika miezi ile yote sikuandika hata ukurasa mmoja unaoeleza tofauti ya mafuta yaliyochujwa na yasiyochujwa, swali ambalo wateja huniuliza kila siku dukani, kwa sababu niliamini kazi inafanywa na namba.

FundiTovuti_Makulu

Dada AlizetiSingida ameeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Niongeze sababu yake ya kiufundi. Kununua linki kwa lengo la kupanda kwenye matokeo ni kinyume cha sera za Google. Linki ya kulipiwa inatakiwa iwekewe kwenye msimbo wake alama ya nofollow, iliyoanzishwa mwaka 2005, au ile ya sponsored iliyoongezwa mwaka 2019, ili injini isiihesabu kama kura ya hiari. Mwaka 2012 Google walileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyowashusha wengi waliokuwa wakinunua, na kuanzia Septemba 2016 mfumo huo kwa sehemu kubwa huzipuuza tu linki za aina hiyo badala ya kuiadhibu tovuti nzima. Hapo ndipo penye mtego: Google inazipuuza, ilhali programu ya kampuni binafsi huenda ikazihesabu, hivyo alama inapanda na wateja hawaongezeki. Wengine huipandisha kwa kununua anwani za zamani zilizoachwa na wenyewe, zenye linki nyingi za miaka ya nyuma, na kuzielekeza kwako. Matumizi mabaya ya anwani zilizoachwa yalitajwa waziwazi katika sera mpya za Google za Machi 2024.

Hata hivyo sisemi kwamba mtu yeyote anayelipwa kwa kazi hii ni tapeli. Anayekuja akauliza mnauza nini, akasoma kurasa zenu, akarekebisha tovuti inayochelewa kufunguka kwenye simu, huyo anastahili malipo yake. Wa kumkataa ni yule anayekuuzia namba.

Katibu_Zabibu (Hombolo, Dodoma)

Nawashukuru sana wote, na dada wa Singida pole kwa yaliyokupata. Nimefungua Search Console jana usiku. Kumbe iliwekwa na kijana aliyetutengenezea tovuti na sikuwahi kuiangalia. Kwa miezi mitatu iliyopita tumeonekana mara 6,200 na kubofywa mara 214. Kati ya mibofyo hiyo, 131 ni ya ukurasa mmoja, ule wa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mzabibu, na nafasi yake ya wastani kwenye matokeo ya Google ni 4.8. Ukurasa huo niliuandika msimu uliopita baada ya shamba la mwanachama mmoja kushambuliwa. Niliweka picha nne nilizopiga kwa simu, jani likiwa na unga mweupe, kichala kikiwa kimeanza kupasuka, na maelezo ya siku gani tulipuliza salfa na kwa nini hatukupuliza wakati wa jua kali. Nimejaribu kutafuta maneno hayo mwenyewe, na chini yetu kuna tovuti mbili kubwa za nje ambazo programu ile inazipa alama zaidi ya 60.

Ukurasa wa bei za miche uko nafasi ya 27, na umebofywa mara tatu tu. Huo ndio unaotuletea fedha, ndiyo maana namba 9 ilinitia hofu.

Mkutubi_Dom

Ndugu Katibu, nimesoma mjadala huu kwa hamu kwa sababu kazi yangu ni ukutubi, na hesabu hizi za linki zina asili ya maktaba. Muda mrefu kabla ya mtandao, wasomi walipima uzito wa makala kwa kuhesabu ni makala ngapi nyingine zimeinukuu, na Page na Brin waliutaja ukoo huo wenyewe katika maandishi yao. Udhaifu nao ni ule ule: wasomi wawili wanaweza kukubaliana kunukuuana bila kusomana.

Nimefungua tovuti yenu na nina mambo mawili ya kusema. La kwanza ni ukurasa wa bei za miche. Bei zote zimo ndani ya picha ya bango, na maandishi pekee ya kawaida kwenye ukurasa ule ni sentensi moja inayosema karibuni. Mtu mwenye simu anaisoma picha kwa kuivuta, lakini injini ya utafutaji haina cha kushika. Haioni neno mche, haioni aina za zabibu kama Makutupora nyekundu wala Chenin Blanc, haioni kwamba mnapatikana Hombolo. Ukurasa wa ubwiriunga umepanda kwa sababu una maelezo ya mtu aliyesimama shambani. Huu wa bei hauna maelezo hata kidogo, na alama ya 40 isingeuandikia. Andika kila aina ya mche kwa maandishi, bei yake, umri wake unapotoka kitaluni, unafaa udongo gani na unapandwa umbali gani kati ya mche na mche. Maswali ambayo wakulima huwapigia simu kuuliza ndiyo yawe aya zenu.

Google wana mwongozo mrefu wanaowapa watu wanaokagua ubora wa matokeo, na ndani yake neno mamlaka limo kweli, likiwa pamoja na utaalamu na uaminifu, na Desemba 2022 wakaongeza uzoefu wa mwandishi mwenyewe. Mwongozo ule haumpi mtu namba ya kujivunia. Unamtaka mkaguzi aangalie nani ameandika, anajuaje anachokiandika, na wengine wanaofahamu jambo hilo wanamwonaje. Picha zako nne za simu zina uzoefu huo ndani yake. Weka na jina la ushirika na la mwandishi chini ya ukurasa, kwa sababu kwa sasa haujulikani umeandikwa na nani.

La pili limenisumbua zaidi. Nakumbuka kuona tovuti ya ushirika wenu ikitajwa kwenye ukurasa wa chuo kimoja kuhusu utafiti wa mnyororo wa thamani wa zabibu, na pia kwenye ripoti ya mradi mmoja wa kilimo. Nimerudi kuangalia. Linki zote mbili zipo hadi leo, lakini haziendi kwenye anwani yenu ya sasa. Zinaenda kwenye anwani inayoishia na .com, na ukiibofya unapata ukurasa mweupe. Je, mliwahi kuwa na anwani nyingine?

Katibu_Zabibu (Hombolo, Dodoma)

Mkutubi, umenifumbua macho. Ni kweli. Tovuti ya kwanza tulitengenezewa na mradi mwaka 2019 kwa anwani ya .com, na mradi ulipokwisha tukasajili ya .co.tz ili ushirika uwe na anwani yake wenyewe. Hakuna aliyetuambia kuna jambo la kufanya na ile ya zamani. Nimepekua barua pepe za ushirika na nimekuta bado tunailipia kila mwaka kupitia simu ya mhasibu, na malipo yanaisha mwezi ujao. Tulikuwa tumeshakubaliana kuiacha. Hata kalenda zetu za zamani zilizobandikwa kwenye maduka ya pembejeo pale Majengo zina anwani hiyo.

Nifanye nini kabla haijaisha?

FundiTovuti_Makulu

Usiiache, lipieni leo kama inawezekana. Ikiisha, mtu mwingine anaweza kuisajili, na zile linki za chuo na za mradi, ambazo hamkumlipa mtu yeyote azitoe, zitakuwa zinamfanyia kazi yeye. Yule anayekusanya anwani zilizoachwa ndiye anayengoja nafasi kama hiyo.

Baada ya kulipa, mwambie aliyewatengenezea tovuti aweke uelekezaji wa kudumu, unaojulikana kwa namba 301, kutoka anwani ya .com kwenda ya .co.tz. Msisitizo wangu ni kwamba kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa wake mpya unaofanana nao: ule wa kupogoa uende kwenye kupogoa, wa miche uende kwenye miche. Mafundi wengi hukimbilia kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo kwa sababu ni mstari mmoja tu, lakini hapo mgeni anapotea na Google inaweza kuhesabu kwamba ukurasa wa zamani haupo tena. Kisha ingia Search Console, thibitisha kwamba anwani zote mbili ni zenu, na utumie sehemu ya kubadilisha anwani kuwaarifu Google. Wao wanashauri uelekezaji ubaki angalau mwaka mmoja. Mimi nawashauri muubakize miaka yote ambayo kalenda zile zitakuwa ukutani.

Halafu waandikie chuo na mradi barua pepe fupi ya heshima, uwaombe warekebishe anwani, ukiwapa ya zamani na mpya ili mtunza tovuti wao asihangaike kutafuta. Ukiwa hapo, waeleze pia kuhusu ukurasa wa ubwiriunga. Mtu anayefanya utafiti wa zabibu Dodoma ana sababu ya kuutaja, na linki ya namna hiyo, kutoka kwa mtu wa fani yenu, ina maana kuliko mia za kununua. Msisahau vituo vya utafiti na maduka ya pembejeo mnayofanya nayo kazi, kama wana tovuti.

Kwa mzee mwenyekiti, mwambie kila mwezi utamletea namba mbili badala ya ile moja: ukurasa wa miche umebofywa mara ngapi, na simu ngapi zimeingia kutoka kwa watu waliotuona mtandaoni. Ya pili andika kwenye daftari la ofisi, umuulize kila anayepiga amewapata wapi.

Katibu_Zabibu (Hombolo, Dodoma)

Mhasibu amelipia anwani ya zamani mchana huu, na kijana wa tovuti ameahidi kuweka uelekezaji Jumamosi, ukurasa kwa ukurasa, nimemwandikia orodha ya kurasa zote kwenye karatasi. Bango la bei nimeanza kuliandika upya kwa maneno. Nimefika kwenye Makutupora nyekundu, na kesho asubuhi nitakwenda kitaluni kupima kwa futi umbali wa mashimo, kwa sababu nimegundua nilikuwa nikiwatajia wateja kwa makadirio. Yule wa shilingi 450,000 nimempigia na kumshukuru. Salfa inabaki kwenye bajeti.

AlizetiSingida

Ukimaliza ukurasa huo wa miche naomba uubandike hapa, kaka. Nina shamba la ekari moja Manyoni ambalo nimekuwa nikijiuliza kama litakubali zabibu, na sijawahi kupata mahali palipoandikwa bei na umri wa mche kwa pamoja.